Ya Nini Kuzichungua Mbingu?



Usiku mmoja, baada ya kwisha darsa yetu, kijana mmoja alitusomea khabari ya darubini kubwa iliyowekwa angani, mbali na ardhi kwa kilomita milioni 1.5. Alipomaliza, mzee wetu mmoja, ambaye ni mtu wa hishima na huhudhuria darsa kuliko wengi wetu, alisema: "Wanangu, haya yote ni ya nini? Mitaani mwetu mifereji imekauka, na watu wapeleka mitambo mbinguni kutazama nyota. Huko watafuta nini wasichokiona hapa?"

Vijana wawili watatu walicheka. Sisi hatukuona la kuchekesha. Suala lile limo katika nyoyo za watu wengi wa miji yetu, wala si suala la ujinga. Mtu aonaye mali nyingi ikitumiwa ana haki ya kuuliza inatumiwa kwa jambo gani. Tulimwahidi mzee wetu kuwa tutamjibu katika karatasi hii, nasi leo twaitimiza ahadi. Jawabu ni ndefu kidogo, kwa hivyo tumeigawa mafungu.

Kwanza: Sisi wenyewe tumeishi kwa kutazama mbingu

Kabla ya kuyatazama mataifa ya mbali, na tujitazame wenyewe. Miji yetu hii, tangu Lamu hadi Vanga, ilineemeka kwa bahari, na bahari haisafiriki usiku bila ya nyota. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Omani na Hadhramauti, yakarudi na kusi, yaliongozwa na watu waliozijua nyota kwa majina yake, na mahali pa kuchomoza na pa kutua kwake. Nahodha alikuwa na kipande cha ubao kilichofungwa uzi wenye mafundo. Aliushika uzi kwa meno, akauweka ubao mbele ya jicho baina ya upeo wa bahari na nyota, na kwa fundo alilolifikia akajua amekwenda kiasi gani upande wa kaskazini au wa kusini. Ahmad bin Majid, baharia mashuhuri wa karne ya 15, aliandika vitabu vizima juu ya ilimu hiyo.

Mkulima naye alikingojea Kilimia, lile shada la nyota ambalo jina lake latokana na kulima. Mvuvi ajua kuwa bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Nyakati za sala zetu huhesabiwa kwa jua, na miezi yetu kwa mwandamo. Basi mtu aulizaye faida ya kuitazama mbingu, pengine huuliza hali mbele yake pana samaki aliyevuliwa kwa hesabu ya mwezi.

Watu wa leo wafanya yale yale waliyoyafanya wazee wetu. Kilichozidi ni vyombo. Na sasa tueleze kwa nini vyombo hivyo vimehitajiwa.

Pili: Jicho la mtu ni dogo

Jicho huona kwa nuru inayoingia ndani yake. Leo jambo hili ni dhahiri, lakini wengi katika wenye ilimu wa kale walidhani kuwa jicho ndilo litoalo miale ikaenda kuvigusa vitu. Aliyeeleza kwa hoja na majaribio kuwa nuru ndiyo ijayo katika jicho ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, yapata miaka 1,000 iliyopita. Maadamu ni hivyo, mlango ukiwa mdogo huingia nuru kidogo. Gizani mboni ya jicho hufunguka kwa upana wa milimita 7 hivi, basi. Darubini ni mfano wa jicho lenye mboni pana: kioo chake hukusanya nuru nyingi na kuitia mahali pamoja, na kilichokuwa hakionekani kikaonekana.

Tutoe mfano mmoja. Mwaka 964 mwanafalaki wa Uajemi, Abdul Rahman al-Sufi, aliandika kitabu cha nyota, na ndani yake akataja kiwingu kidogo katika kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Andromeda. Hakuwa na darubini. Aliandika alichokiona, nacho kilikuwa kiwingu. Kikabaki kiwingu kwa zaidi ya miaka 900. Katika miaka ya 1920, Mmarekani Edwin Hubble, kwa darubini yenye kioo cha upana wa mita 2.5, alipambanua nyota mojamoja ndani ya kiwingu hicho, akaupima umbali wake. Leo twajua kuwa ni kundi la nyota zihesabiwazo kwa mamia ya mabilioni, na nuru yake, ambayo hukata kilomita 300,000 kwa sekunde moja, husafiri miaka milioni 2.5 mpaka kutufikia. Al-Sufi na Hubble walitazama kitu kimoja; kila mmoja alikiona kwa kadiri ya chombo alichokuwa nacho.

Na hata huo mwendo wa nuru ulijulikana kwa darubini. Mwaka 1610 Galileo wa Italia aliona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mushtari. Baadaye ikaonekana kuwa mmoja wa miezi hiyo huchelewa kupatwa kila ardhi inapokuwa mbali na Mushtari, na huwahi inapokuwa karibu. Mwaka 1676 Ole Rømer, mtu wa Denmark, akafahamu sababu: mwezi hauchelewi, bali nuru yenyewe yahitaji muda kusafiri. Kabla ya hapo wengi walidhani nuru hufika papo hapo.

Tatu: Hewa ni pazia

Msomaji ataweza kuuliza: Ikiwa darubini yatosha, kwa nini ipelekwe juu, isiwekwe kilimani?

Jawabu ni kuwa sisi tuko chini ya bahari ya hewa. Mtu aliyezamia maji akatazama mnazi ulio ufukoni huuona ukichezacheza, na mnazi umetulia. Vivyo hivyo nyota humetameta kwa sababu ya hewa, wala si kwa nafsi yake. Tena hewa hufanya zaidi ya kuchezesha: huzuia. Mionzi ya eksirei, hiyo hiyo itumiwayo hospitali kupigia picha za mifupa, hutoka katika baadhi ya nyota, lakini hewa yetu huizuia isifike chini. Hili ni rehema kwetu, kwani lau ingetufikia ingetudhuru. Walakini rehema hiyo kwa mwili ni pazia kwa ilimu. Atakaye kuuona upande huo wa mbingu hana budi kukipandisha chombo chake juu ya pazia.

Mwezi wa Juni 1962 huko Marekani, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi yenye vyombo vya kupimia eksirei. Walitaka kujua kama mwezi hutoa mionzi hiyo. Roketi ilikaa juu ya hewa kwa dakika chache tu, kisha ikaanguka. Katika dakika hizo, badala ya kupata walichokitaka, walikuta mionzi yenye nguvu ikitoka upande wa nyota za Akrabu, mbali kabisa na jua na sayari zake. Hapana aliyeitazamia. Ndivyo ilimu ilivyo mara nyingi: mtu hutoka kutafuta pete akakuta kisima.

Lakini dakika chache hazikutosha. Ilitakiwa chombo kikae juu miezi na miaka. Na hapa ndipo khabari hii inapofika mlangoni petu.

Nne: Chombo kilichopaa kutoka bahari yetu

Kaskazini mwa Malindi, karibu na kijiji cha Ngomeni, Waitaliani wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio walisimamisha baharini majukwaa ya chuma yenye miguu. La kurushia roketi likiitwa San Marco, na la kuongozea likiitwa Santa Rita. Mahali hapo palichaguliwa kwa hesabu. Ardhi huzunguka, na penye istiwai ndipo kasi yake ilipo kubwa zaidi, yapata kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure, kama mtu arukaye mbele kutoka katika chombo kiendacho. Na mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, vipande vya roketi vikianguka havimwangukii mtu. Baina ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilipaa kutoka hapo.

Moja katika hizo ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru wake. Ilikuwa ya Wamarekani, uzito wake yapata kilo 140, na kwa hishima ya siku hiyo na ya nchi hii wakaiita Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyofanywa makhsusi kwa kuzichungua mbingu kwa eksirei. Ikawa yajizungusha polepole na kuipekua mbingu kipande kwa kipande, mpaka mwezi wa Machi 1973. Kabla yake mahali pa mionzi hiyo palipojulikana mbinguni palikuwa makumi machache. Orodha ya mwisho iliyotokana na Uhuru ina mahali 339.

Mahali pamoja katika hapo huitwa Cygnus X-1. Chombo cha Uhuru kilionyesha kuwa mionzi yake hubadilika kwa muda ulio mdogo kuliko sekunde moja, na kitu kiwezacho kubadilika kwa haraka hivyo hakiwezi kuwa na umbo kubwa. Watu wa darubini za ardhini wakageukia huko, wakaona nyota kubwa ya buluu ikizungushwa na mwenzi asiyeonekana. Walipoupima uzito wa mwenzi huyo kwa mwendo wa nyota ile, wakamwona ni mzito mno kuwa nyota ya kawaida iliyozimika. Basi kikawa ndicho kitu cha kwanza kukubaliwa na wenye ilimu kuwa ni shimo jeusi, yaani nyota iliyokufa ikajikunja, hata mvuto wake hauiachii nuru kutoka. Eksirei hutoka katika hewa ya moto inayoanguka kuelekea humo kabla ya kupotea. Mwaka 2002 Giacconi alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi aliyoianzisha kwa roketi ile na kuiendeleza kwa Uhuru.

Neno letu la Kiswahili, basi, limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima. Je, ni watoto wangapi wa Malindi, Mombasa na Lamu wanaojua hivyo?

Tano: Kwa nini wapeleke mitambo, wasiende watu?

Darubini huonyesha kwa mbali. Yako mambo hayajulikani ila kwa kufika. Na mtu akienda hana budi kuchukua hewa yake, maji yake, chakula chake, na njia ya kurudi. Watu 12 walitembea juu ya mwezi baina ya mwaka 1969 na 1972, na pasipokuwa mwezini mwanadamu hajapata kushuka mahali pengine. Mtambo hauli, haunywi, wala hauachi mayatima.

Tazama khabari ya Zuhura, nyota ing'aayo alfajiri na magharibi kuliko zote. Ukubwa wake wakaribia ukubwa wa ardhi, nayo imefunikwa na mawingu daima. Zamani walikuwapo waliodhani kuwa chini ya mawingu hayo huenda pana bahari na misitu. Mwaka 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kilipita karibu nayo kikathibitisha kuwa kuna joto kali. Warusi wakapeleka vyombo vya kushuka. Kimoja kilichofika mwaka 1982, Venera 13, kilidumu kwa dakika 127 kikipeleka picha na khabari, kisha kikanyamaza. Kilikuta joto la daraja 457 za Selsiasi, joto la kuyeyusha madini ya risasi, na hewa yenye kukandamiza kiasi cha mara 90 ya hewa yetu. Mtu asingeishi hapo hata kwa pumzi moja.

Khabari hiyo ina mafunzo kwetu. Hewa ya Zuhura karibu yote ni dioksidi ya kaboni, ile itokayo katika makaa na petroli vinapoungua. Huiacha nuru ya jua iingie na kulizuia joto lisitoke, kama mtu aliyejifunika blanketi juani. Hatusemi kuwa ardhi yetu itakuwa kama Zuhura. Twasema kuwa kanuni ni moja, na aliyeiona kule imefika ukingoni huifahamu zaidi inapoanza huku. Daktari hamjui mgonjwa mmoja vyema ila akiwaona wagonjwa wengi. Ardhi nayo, atakaye kuijua sharti aone na nyingine za kulinganisha nayo. Mirihi ina mikondo mikavu ya mito isiyo na tone; Zuhura imeungua; ardhi ina bahari na mvua. Kwa nini hii na si zile? Hili ni suala juu ya nyumba yetu, na jawabu yake haipatikani kwa kukaa nyumbani tu.

Mitambo mingine imekwenda mbali zaidi. Voyager 1 iliondoka mwaka 1977, ikapita Mushtari na Zohali, na mwaka 2012 ikatoka katika eneo linalotawaliwa na upepo wa jua. Sasa iko mbali kwa zaidi ya kilomita bilioni 24, na neno moja kutoka kwake husafiri zaidi ya saa 22 kwa mwendo wa nuru mpaka kutufikia.

Sita: Je, pana faida ya mkononi?

Ipo, ingawa wengi katika wachunguzi hawakuianza kazi kwa ajili yake.

Mwaka 1868, jua lilipopatwa, wataalamu walichambua nuru yake wakaona alama ya kitu kisichojulikana. Baadaye kikaitwa helium, kwa jina la jua katika Kiyunani. Hakikupatikana ardhini mpaka mwaka 1895. Leo kitu hicho, kilichojulikana juani kabla ya kujulikana hapa, ndicho kipozacho sumaku kubwa za mashini za hospitali zipigazo picha za ndani ya mwili bila ya eksirei.

Faida nyingine ni ulinzi. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe kutoka angani lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo vya madirisha vilivyovunjika. Halikuonekana kabla, kwani lilikuja kutoka upande wa jua. Tarehe 26 Septemba 2022 Wamarekani walikigongesha chombo kiitwacho DART juu ya jiwe liitwalo Dimorphos, lisilo na hatari kwetu, ili kujaribu kama mtu aweza kuligeuza jiwe njia yake. Jiwe hilo lilikuwa likimzunguka mwenzake mkubwa kwa muda wa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa muda huo ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Kwa mara ya kwanza wanadamu wamebadili kwa makusudi mwendo wa kitu cha mbinguni. Lakini jiwe haligeuzwi lisipoonwa mapema, wala halionwi pasipo mwenye kutazama.

Saba: Na gharama je?

Hapa twarudi kwa mzee wetu na mifereji yake. Ile darubini iliyotajwa katika darsa, James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Disemba 2021, iligharimu yapata dola bilioni 10. Hizo ni pesa nyingi, wala hatutazipunguza kwa maneno. Lakini zilitumiwa kwa muda wa zaidi ya miaka 20, na waliozitoa ni Marekani, Ulaya na Kanada. Shirika la anga la Marekani lapewa chini ya nusu ya asilimia moja ya matumizi ya serikali yake. Tuseme kweli: lau darubini ile isingejengwa, mali ile isingetiririka katika mifereji yetu. Mifereji yetu imekauka kwa sababu zilizo hapa hapa petu, nasi twazijua. Wala haifai kumlaumu mtazama nyota kwa kosa la mla amana.

Tena hatusemi kuwa wote waliokwenda angani walikwenda kwa kuipenda ilimu. Roketi kubwa za kwanza, za Wajerumani mwaka 1944, zilikuwa za kuangamiza miji. Warusi waliporusha setilaiti ya kwanza mwaka 1957, wao na Wamarekani walikuwa wakishindana kwa kuogopana. Nia za watu huchanganyika, na kisu kikatacho mkate hukata na shingo. Mwenye akili hukitazama chombo, akaitazama na nia ya akishikaye, akahukumu kila kimoja mbali.

Nane: Nyumba ya nyota iliyovunjwa

Limebaki jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Wako ndugu zetu wanaosema kuwa kuzichungua nyota ni kujiingiza katika siri za Mwenyezi Mungu. Twaona chanzo cha dhana hii ni kuwa katika miji yetu neno falaki limeanguka mikononi mwa wapiga ramli. Mtu akisikia falaki hudhani ni kumtazamia fulani nyota yake, ataoa lini, au nani amwibia. Huo ni uaguzi, na dini yetu imeukataza. Ilimu ya falaki ni kupima, kuhesabu, na kuandika kilichoonekana. Tofauti yake na uaguzi ni kama tofauti ya mizani na ulaghai wa sokoni. Kitabu chetu chatuamrisha mara nyingi kuzitazama mbingu na kufikiri. Hatukuambiwa tufumbe macho.

Kuchanganya mambo hayo mawili kumetutia hasara, na ushahidi upo. Mwaka 1577 Taqi al-Din, mzaliwa wa Damaskasi, alijenga mjini Istanbul nyumba ya kuchungulia nyota kwa amri ya Sultani Murad wa Tatu. Ilikuwa na ala zilizolingana na bora za zama zake. Wapinzani walisema maneno, na mwaka 1580 Sultani huyo huyo akaamrisha ivunjwe. Wakati ule ule, katika kisiwa kimoja cha Denmark, Tycho Brahe alikuwa na nyumba kama hiyo, na yeye aliachwa akapima kwa miaka 20. Vipimo vyake vikamfikia Kepler, aliyevitumia kupata kanuni za mwendo wa sayari. Kanuni za Kepler zikamsaidia Newton, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1687. Na kwa hesabu za Newton ndiyo inayopangwa hadi leo njia ya kila chombo kiendacho Zuhura, Mirihi na Mushtari.

Nyumba mbili zilianza pamoja. Moja iliachwa ikazaa, na moja ilivunjwa ikiwa na miaka mitatu. Nyota zilizo juu zimebaki na majina ya Kiarabu katika lugha za Ulaya, Aldebaran, Altair, Rigel, kama makaburi yenye maandishi ya wenyewe waliokwisha kuhama. Hatukunyang'anywa ilimu hii. Tuliiweka chini, na mwingine akaiokota.

Wala mlango haujafungwa. Tarehe 9 Februari 2021 chombo cha Imarati kiitwacho al-Amal kilifika Mirihi kikaanza kuizunguka. Mwezi wa Aprili 2023 Kenya ilipata setilaiti yake Taifa-1, ya kupigia picha ardhi, ingawa ilirushwa kutoka Marekani na si kutoka Ngomeni. Na ile darubini ya James Webb ilipopaa, kituo cha Malindi kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoifuata na kuisikiliza.

Hatima

Kwa hivyo, ewe mzee wetu, jawabu letu kwa ufupi ni hili. Mwanadamu huzichungua mbingu kwa kuwa hajui alipo mpaka ajue kilichomzunguka. Hutumia darubini kwa kuwa jicho lake ni dogo, huipandisha juu kwa kuwa hewa ni pazia, na hupeleka mitambo kwa kuwa mwili wake hauwezi. Na wasiotazama huishi kwa khabari za waliotazama, wakipewa wanachopewa.

Nasi yatupasa nini? Hatuombi watu wa miji yetu wajenge roketi. Twaomba mambo matatu madogo. Mwalimu wa chuo asimkemee mtoto anayeuliza juu ya nyota, na asipojua jawabu aseme sijui. Mzazi asimwache kijana wake kuikimbia hesabu, kwani hakuna mlango wa ilimu hii usiopitia hapo. Na tunapokwenda ufukoni kuutafuta mwezi mwandamo, tuchukue watoto pamoja nasi, tuwaonyeshe Kilimia na Zuhura na Akrabu, tuwaambie ni nani aliyezipa majina.

Maandishi haya tulimsomea mzee wetu kabla ya kuyapeleka kupigwa chapa. Alisikiliza kimya mpaka tukafika penye khabari ya Ngomeni, akatuzuia kwa mkono. "Nguzo zile," alisema, "nimezipita kwa mashua mara nyingi nilipokuwa kijana. Miaka yote nilidhani ni za mafuta." Tulimwambia kuwa hakukosea sana, kwani jukwaa la Santa Rita asili yake lilikuwa la kuchimbia mafuta. Akatikisa kichwa. "Sikuuliza," akasema. "Wala hapana aliyeniambia."

Kisha akatuagiza tusilifute suala lake mwanzoni mwa maandishi haya, ili vijana waliocheka walisome pamoja na jawabu. Nasi tumefanya alivyotuagiza.

Wabillahi taufiq.